Je, Wajua? Programu ya tovuti ni ya bure, matunzo si ya bure

JE, WAJUA kwamba moja ya programu maarufu za kujengea tovuti duniani ina jina la Kiswahili? Ni Joomla. Agosti 2005 watengenezaji wa programu iliyoitwa Mambo walikosana na kampuni ya Australia iliyomiliki jina hilo. Wakajitoa kwa pamoja, wakachukua msimbo wao, maana leseni iliruhusu, wakaanza kutafuta jina jipya. Wakaokota "jumla" yetu na kuiandika kwa namna ambayo Mwingereza hatakwama kuitamka. Kutoka Mambo hadi Jumla! Mtu angedhani kikao kilifanyika kijiweni, sokoni Kasulu. Toleo la kwanza lilitoka Septemba mwaka huohuo.

JE, WAJUA kijana wa Kitanga, Kasulu, anaweza kupakua Joomla, WordPress au Drupal bila kulipa hata senti, akaifungua, akaibadilisha, akamjengea mteja tovuti na kumtoza, na asitokee mtu wa kumdai leseni? Hiyo ndiyo programu huria. Kinacholipiwa ni jina la tovuti kila mwaka, nafasi kwenye seva, na jasho la fundi. Wengi husikia neno "bure" wakadhani na matunzo yamo humo.

JE, WAJUA WordPress ilitolewa Mei 2003 na Matt Mullenweg wa Marekani, akiwa na umri wa miaka 19, pamoja na Mike Little wa Uingereza? Waliendeleza programu ya mtu mwingine iliyokuwa imeachwa. Leo inaendesha zaidi ya asilimia 40 ya tovuti zote duniani.

JE, WAJUA Kasulu ina halmashauri mbili, ya wilaya na ya mji, na kila moja ina tovuti yake? Tofauti ni herufi moja tu: kasuludc na kasulutc. Ukikosea herufi hiyo utasoma tangazo la zabuni lisilokuhusu. Mwisho wa go.tz ni wa serikali peke yake, kwa hiyo anayekutangazia "ajira za halmashauri" kwenye anwani isiyo na mwisho huo, mtilie shaka kwanza. Shule zina sc.tz, vyuo vina ac.tz.

JE, WAJUA kabla ya gridi ya Taifa kufika Kasulu na Kibondo mwaka 2022, wakati miji hiyo ikitegemea majenereta ya dizeli, umeme ukikatika tovuti ya wilaya haikuzimika kwa sababu hiyo? Tovuti haikai kwenye kompyuta ya ofisini. Inakaa kwenye seva, pengine maelfu ya kilomita kutoka hapo.

JE, WAJUA mwenye Drupal aliwahi kupewa saa 7 tu za kujiokoa? Oktoba 15, 2014 ulitangazwa upenyo uliomwezesha mtu yeyote, bila nenosiri, kupenyeza amri zake kwenye hifadhidata. Kwa saa zetu ilikuwa saa 1 usiku, muda ambao watu wa Kibondo wanasonga ugali. Wiki mbili baadaye wasimamizi wa Drupal walitoa kauli nzito: tovuti yoyote ya Drupal 7 ambayo haikuzibwa ndani ya saa 7 tangu tangazo lile ihesabiwe kuwa imekwisha kuingiliwa. Yaani ilipofika saa 8 usiku, fundi aliyelala alikuwa ameshachelewa. Na kuziba baada ya hapo hakumtoi mwizi aliye ndani. Ilibidi kurudisha nakala ya kabla ya siku hiyo. Asiyekuwa na nakala alianza upya.

JE, WAJUA WordPress ilikumbwa na lake Januari 2017? Upenyo ulizibwa tarehe 26, na maelezo yakafichwa hadi Februari mosi ili watu wapate muda wa kusasisha. Wasiosasisha walikuta maandishi ya wahuni kwenye kurasa zao, na kurasa hizo zilizidi milioni moja. Ajabu ni kwamba tangu Oktoba 2013 WordPress hujisasisha yenyewe kwa marekebisho madogo ya usalama. Kuna mafundi wanaoizima huduma hiyo kwa kuogopa tovuti isiharibike. Mimi nawaona kama mlinzi anayeondoa kufuli kwa sababu lina kelele.

JE, WAJUA hadi mwaka 2010 kila WordPress mpya ilikuja na mtumiaji anayeitwa "admin"? Wavamizi bado hulijaribu jina hilo kwanza. Badilisha.

JE, WAJUA programu jalizi za kulipia zinazogawiwa "bure" kwenye magrupu ya WhatsApp mara nyingi huja na mlango wa nyuma? Aliyekugawia ndiye mwenye ufunguo.

JE, WAJUA picha moja ya mizinga ya nyuki ya Kibondo, ikitoka kwenye simu ya kisasa kama ilivyo, hufika megabaiti 4 au zaidi? Weka kumi kwenye ukurasa mmoja, na mnunuzi wa asali mwenye kifurushi cha siku ataondoka kabla hajaona bei. Ipunguze hadi upana wa pikseli 1,200 na uihifadhi kwa mfumo wa WebP, ambao WordPress inaupokea tangu 2021. Mara nyingi itashuka chini ya kilobaiti 200, na jicho halitaona tofauti.

JE, WAJUA cheti cha usalama, kile kinacholeta alama ya kufuli kwenye kivinjari, kinapatikana bure kwa Let's Encrypt tangu Desemba 2015? Anayekuuzia kwa laki kadhaa, muulize anakuongezea nini.

JE, WAJUA Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilianza kutumika Mei 1, 2023? Fomu ya tovuti ya shule inayoomba jina la mtoto, tarehe yake ya kuzaliwa na simu ya mzazi inabanwa nayo.

JE, WAJUA jina la tovuti halinunuliwi, linakodishwa? Likisajiliwa kwa barua pepe ya fundi badala ya ya taasisi, onyo la kuisha muda litamfikia yeye, hata kama siku hizi anauza vifaa vya simu Kahama na barua pepe ile haifungui tena.