Majina ya Waingereza, Kwao na Kwetu

Kila siku abiria wa Kongowea hutaja ukoo wa Kiingereza bila kujua: Frere Town, wadi jirani na soko letu. Mwenye jina ni Sir Bartle Frere, aliyetumwa Unguja mwaka 1872 kumshinikiza Sultani Barghash apige marufuku biashara ya watumwa ya baharini. Wamishonari wa Church Missionary Society (CMS) walipowajengea watumwa walioachwa huru kijiji hapa Kisauni mwaka 1875, wakakiita kwa jina lake.

Kwao Uingereza, akina Frere ni wachache. Jina ni la Kifaransa, maana yake ndugu. Lugha hiyo waliingia nayo Wanormandi walioiteka nchi ile mwaka 1066. Ukoo wa Sir Bartle una mizizi Norfolk na Suffolk, mashariki, nchi tambarare ya ngano na shayiri, ingawa yeye alizaliwa Wales. Ukoloni ndio uliolitawanya jina hili: mlima mrefu kuliko yote Queensland, Australia, ni Bartle Frere.

Zamani Mwingereza hakuwa na jina la ukoo. Akina John wakizidi kijijini, mmoja aliitwa John mhunzi, mwingine John wa kilimani. Baina ya miaka ya 1200 na 1400 hivi, majina ya namna hiyo yakaanza kurithiwa. Mwaka 1538 makanisa yakaamriwa kuandika ubatizo, ndoa na mazishi, basi majina hayo yakaingia vitabuni. Hadi leo jina huweza kukuonyesha mtu alikotoka: Wainwright, yaani fundi wa magari ya kukokotwa, ni jina la kaskazini, pande za Yorkshire na Lancashire.

Wales mambo ni mengine. Walisema "ap" kama sisi tunavyosema "bin", hata ap Rhys akawa Price na ap Hywel akawa Powell. Akina Jones nao wakajaa mno, ikabidi watu watofautishwe kwa kazi: huyu Jones wa maziwa, yule Jones wa mkate.

Sasa rudi Frere Town, kwa Waafrika waliopewa majina kama haya. Jacob Wainwright, Myao aliyelelewa na misheni ya Nasik, India, aliisindikiza maiti ya mvumbuzi David Livingstone hadi Westminster Abbey mwaka 1874. Kasisi William Jones naye alilelewa huko India. Matthew Wellington, aliyefariki Mombasa mwaka 1935, alibeba jina la miji ya Shropshire na Somerset. Kwao Uyaoni aliitwa Chengwimbe. Kwa watu hawa jina la Kiingereza halionyeshi kijiji wala kazi ya babu. Linaonyesha mkono uliowabatiza tu, na kwa maoni yangu hiyo ni hasara, hata kama waliobatiza walikuwa na nia njema.

Kwa hiyo, wenye majina haya Kisauni, waulizeni wazee jina la kwanza la babu, la Kiyao au la Kimakua, mkaliandike pamoja na hili la Kiingereza.