Mwanamke wa Goma Safarini: Nguo za Njiani, za Kazi na za Matembezi (Sehemu ya Pili)

Wiki iliyopita tulimaliza habari za hati: pasipoti, karatasi za mpakani na kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Leo tunafungua sanduku.

Safari za wanawake wa mji huu hazifanani. Yuko mfanyabiashara wa Birere anayefuata bidhaa Kampala, Dubai au Guangzhou. Yuko muuguzi au mhasibu wa shirika anayeitwa kwenye semina Nairobi. Yuko mama wa parokia anayekwenda kuhiji Kibeho, na mara mojamoja Roma. Lakini tangu uwanja wetu wa ndege ulipofungwa Januari 2025, anayekwenda mbali huanzia njia ile ile: anavuka mpaka kwa miguu hadi Gisenyi, anapanda basi la Kigali, kilomita zipatazo 160 za milima na kona, ndipo aione ndege. Maana yake ni kwamba nguo uliyoivaa alfajiri pale Majengo ndiyo utakayopandia pikipiki, ndiyo utakayosimama nayo mbele ya ofisa wa uhamiaji, na ndiyo utakayolala nayo angani. Vitabu vya wasafiri vilivyoandikwa kwa ajili ya watu wanaotoka nyumbani kwa teksi hadi uwanjani havimsaidii sana mama huyu.

Mtu akikuuliza avae nini ugenini, mwulize kwanza anaogopa nini: sheria, macho ya watu, au baridi. Mambo haya matatu watu huyachanganya, na mkanganyiko huo ndio unaofanya mmoja anunue abaya asiyoihitaji na mwingine apate matatizo kwa gauni aliloona halina tatizo lolote.

Tuanze na sheria. Eneo letu lina historia ndefu ya serikali kupima sketi za wanawake. Tanzania, vijana wa TANU walitangaza Operesheni Vijana mwaka 1968, na kuanzia Januari 1969 wakawaandama mitaani wanawake waliovaa nguo fupi na mawigi. Idi Amin alipiga marufuku nguo fupi Uganda kwa amri ya mwaka 1972. Kwetu, katika miaka ya siasa ya Authenticité, Mobutu aliwakataza wanawake suruali, mawigi na sketi fupi, na mama wa Zaire akaambiwa avae kikwembe kama sura ya taifa. Malawi ya Kamuzu Banda ilitunga sheria yake mwaka 1973: suruali kwa mwanamke ni kosa, sketi inayoacha goti wazi ni kosa, na hata watalii wa kike waliambiwa waifuate.

Msidhani hayo yamekwisha na wazee wale. Julai 2009 mjini Khartoum, polisi waliingia mgahawani wakawakamata wanawake waliovaa suruali. Miongoni mwao alikuwa Lubna Hussein, mwandishi wa habari aliyekuwa akifanya kazi na ujumbe wa Umoja wa Mataifa. Adhabu iliyoandikwa ilikuwa hadi viboko 40. Angeweza kujificha nyuma ya kinga ya kazi yake. Akaiacha ili kesi isikilizwe hadharani. Alitozwa faini ya pauni 500 za Sudan, akakataa kuilipa, akalala gerezani. Sheria za utulivu wa umma za Sudan zilikuja kufutwa Novemba 2019, baada ya Omar al-Bashir kuangushwa. Rais wa Uganda naye alitia saini Februari 2014 sheria dhidi ya ponografia. Mitaani watu waliielewa kuwa imepiga marufuku sketi fupi, na wanaume wakawavua wanawake nguo mbele ya umati kana kwamba wametumwa na Bunge. Mahakama ya Katiba ilibatilisha vifungu vyake vikuu Agosti 2021. Nairobi nako, Novemba 2014, wanawake waliandamana baada ya mwenzao kuvuliwa nguo kwenye kituo cha matatu.

Nimelieleza hili kwa kirefu makusudi. Mwanamke anayesafiri anapaswa kujua kwamba lawama ya kitendo kama hicho ni ya anayevua, wala si ya aliyevaa. Nasema hivyo bila kusita. Lakini anapaswa pia kujua kwamba akiwa peke yake katika kituo cha mabasi cha mji asioujua, saa moja ya jioni, haki yake haitamfikia haraka. Ndiyo maana napendekeza nguo ya njiani ifike chini ya goti. Hiyo ni tahadhari ya barabara tu. Ukishafika hotelini au kwa ndugu, vaa upendavyo.

Jirani yetu wa karibu kabisa ana sheria zake. Rwanda ilipiga marufuku mifuko ya plastiki tangu mwaka 2008, na pale mpakani, Petite Barrière, sashe ulizofungia viatu na nguo za ndani zitabaki mezani. Kenya ilifuata mwaka 2017, Tanzania mwaka 2019. Funga vitu vyako kwenye vitambaa, kama bibi zetu walivyofanya. Halafu kuna kofia ya pikipiki: ng'ambo ya mpaka abiria hapakiwi bila helmeti, na helmeti haivaliki juu ya kilemba kilichopandishwa wala juu ya wigi refu. Mama aliyejifunga kilemba cha harusi tangu nyumbani atakifungua barabarani mbele ya wamotari. Kibebe kwenye mkoba, ukifunge utakapofika. Na kuhusu vitambaa vyepesi vinavyoonyesha mwili: Agosti 2022 mjini Kigali, mwanamke kijana alikamatwa na kufikishwa mahakamani kwa gauni la namna hiyo alilokuwa amelivaa kwenye tamasha la muziki. Mahakama iliamuru aachiwe kwa muda, lakini alikuwa amekwisha kulala mahabusu. Ukiwa na gauni la lesi, liwe na bitana.

Jambo moja zaidi la sheria, na kwetu tunaotoka Goma lina uzito wa pekee: nguo za madoa ya kijeshi. Uganda huwashitaki raia wanaokutwa na mavazi yanayofanana na ya jeshi, na nchi nyingine kadhaa za Afrika zina katazo hilo hilo. Suruali ya mtumba yenye madoa inaweza kuwa nzuri na ya bei nafuu. Iache nyumbani, hata ile ya mtoto. Iache pia kanga au kikwembe chenye sura ya mwanasiasa au alama ya chama. Kikwembe cha Machi 8 hakina shida popote. Cha kampeni kinaalika maswali ambayo hukujiandaa kuyajibu.

Sasa kikwembe chenyewe, kwa sababu hapa ndipo naona wasafiri wetu wanapoteza mali waliyo nayo tayari. Wengi wanapopata visa hukimbilia madukani kununua suti ya nailoni, wakiamini kwamba hivyo ndivyo watu wanavyovaa huko nje. Piesi moja ya kikwembe ni yadi sita, yaani vipande vitatu vya yadi mbili mbili. Desturi yetu inajua kazi ya kila kimoja: kimoja blauzi, kimoja cha kujifunga, na cha tatu cha juu, cha kubebea mtoto, kujifunikia, kutandika. Kwa safari, mwambie fundi hivi. Kutokana na vipande viwili ashone gauni moja lenye kufika katikati ya muundi, lisilobana nyonga, lenye mkunjo mmoja nyuma au ubavuni ili mguu upande pikipiki na ngazi ya basi bila kuvuta nguo juu. Lile gauni la kubana goti tunalolipenda kwa sherehe linamlazimisha mwanamke kukaa upande kwenye pikipiki, na katika kona za milima mkao huo ni wa hatari. Mifuko miwili iingizwe kwenye mshono wa ubavu, na mmoja wa ndani wenye zipu, usawa wa kiuno, wa pasipoti na pesa. Shingo iwe ya kuingia kichwa bila vifungo vya chuma, kwa sababu mashine za ukaguzi zinaweza kulia kwa vipande vya chuma, na hapo utapapaswa.

Kipande cha tatu usikishone. Kipinde ncha mbili tu na ukiweke juu kabisa kwenye mkoba wa mkononi. Ndani ya ndege ni blanketi. Basilika la Mtakatifu Petro, Vatikani, huwarudisha mlangoni wenye mabega au magoti wazi; kipande hiki kinafunika vyote viwili. Kwenye vichochoro vya Mji Mkongwe wa Zanzibar ni mtandio wa heshima, hasa mwezi wa Ramadhani. Hotelini kinafunika kitanda unachokitilia shaka. Tena pamba ya kikwembe inavuta jasho, na maua yake yanaficha mikunjo, kwa hiyo ukitoka nacho sandukuni hutafuti pasi. Wax ya Vlisco, inayotengenezwa Helmond, Uholanzi, na kampuni iliyoanza mwaka 1846, ina sifa yake ya kudumu, lakini kwa safari hata wax ya bei ya kawaida inatosha mradi iwe pamba kweli na rangi yake isichuje.

Ndani ya ndege ni habari ya damu. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwaka 2007 matokeo ya utafiti wa WRIGHT: kukaa bila kujongea kwa zaidi ya saa nne, iwe ndani ya ndege, basi au gari, huongeza maradufu hatari ya damu kuganda kwenye mishipa ya miguu. Hatari yenyewe ni ndogo, karibu mtu mmoja kati ya 6,000, lakini huongezeka kwa mjamzito, kwa anayemeza vidonge vya uzazi wa mpango, na kwa aliyetoka kufanyiwa upasuaji karibuni. Basi jinzi ya kubana na soksi zenye raba kali juu ya goti zisiingie safarini. Viatu viwe na nafasi, kwa sababu miguu huvimba. Wenye historia ya ugonjwa huo waulize daktari kuhusu soksi maalumu kabla ya kuondoka.

Kwa Dubai, uvumi ni mwingi kuliko habari. Hakuna sheria inayomlazimisha mgeni avae abaya au afunike nywele mitaani. Kwenye maduka makubwa wanaomba mabega na magoti yafunikwe, basi. Iran ina sheria ya kufunika kichwa hata kwa mgeni. Saudi Arabia, ilipofungua visa za utalii Septemba 2019, ilisema wageni wa kike hawalazimiki kuvaa abaya, ila wavae kwa staha. Msikitini ni habari nyingine: ukitaka kuuona Msikiti wa Sheikh Zayed, Abu Dhabi, nywele zifunikwe na gauni liwe pana la kufika chini. Tatizo kubwa zaidi la Dubai ni joto na baridi katika saa moja. Nje mwezi Julai ni zaidi ya nyuzi 40, ndani ya duka kiyoyozi kinatetemesha, na mfanyabiashara anaingia na kutoka siku nzima. Beba sweta nyepesi hata kama wenzako wanakushangaa. Guangzhou nako Januari kuna baridi ya unyevunyevu, na nyumba nyingi za kusini mwa China hazina mfumo wa kupasha joto. Nguo za tabaka tatu nyembamba zinashinda koti moja zito.

Mikutano ya kazi sitaichambua sana. Chagua rangi moja tulivu, nyeusi au ya kahawia. Shona koti fupi la kikwembe. Vaa na sketi au suruali ya rangi ile. Kwa siku tano, makoti mawili, sketi moja na suruali moja vinatosha. Katika ukumbi wa Nairobi au Geneva, dada wa Goma aliyevaa koti la kikwembe lililoshonwa vizuri haombi radhi kwa yeyote.

Ukipata siku ya matembezi ya mbugani, rangi ina kazi. Mbung'o huvutwa na buluu na nyeusi. Mitego ya wanaopambana na malale hapa Kongo hushonwa kwa vitambaa vya buluu kwa sababu hiyo hiyo. Serengeti au Tarangire, vaa kaki, kijani kilichofifia au kahawia, mikono mirefu. Na viatu: mwenye kutembea kila siku juu ya mawe ya volkano ya mji huu hahitaji kufundishwa ubaya wa kisigino kirefu. Nenda na jozi uliyokwisha kuivaa kwa wiki kadhaa, kamwe isiwe mpya.

Kabla hujampelekea fundi kitambaa, kiloweke kwenye maji baridi yenye chumvi usiku kucha, ukianike kivulini. Pamba husinyaa kwenye maji ya kwanza, na ni heri isinyae kabla ya kukatwa. Mpe fundi wiki mbili, umwambie tarehe ya safari iliyo kabla ya ile ya kweli.

Itaendelea wiki ijayo: fedha za njiani.