Shemasi si ngazi tu: Mambo ya kujua kabla hujasema umeitwa

IKIWA unaabudu katika Kanisa la Kianglikana hapa Kenya, lazima umemwona. Ni yule anayevaa stola kwa mshazari, kutoka bega la kushoto hadi kiunoni upande wa kulia. Anasoma Injili, anaandaa meza, halafu mwisho wa ibada anawaambia nyote mwende kwa amani. Huyo ndiye shemasi. Wengi wetu humwona kama kasisi ambaye bado hajaiva, ati anasubiri tu zamu yake.

Hebu tusafiri kidogo hadi Marekani, kwa Kanisa la Kiepiskopali. Hili lina mizizi ya Uingereza kama ACK, ila lilijisimamia baada ya Marekani kujipatia uhuru. Tangu 2003 uhusiano wake na kanisa letu umekuwa baridi, kwa sababu ya tofauti kuhusu kuwekwa wakfu kwa askofu aliye katika uhusiano wa jinsia moja. Hata hivyo, namna wanavyompata shemasi, na historia ya watu waliopitia mlango huo, ina funzo kwako wewe kijana unayehisi kwamba Mungu anakuita.

Kwanza, huko huamki asubuhi na kutangaza kuwa umeitwa, mambo yakaishia hapo. Ni lazima ushirika unaokujua ukupendekeze kwa askofu kwa maandishi. Kuna tume ya dayosisi inayokuhoji. Unapimwa afya ya mwili na ya akili, na maisha yako ya nyuma yanachunguzwa. Mara nne kwa mwaka unamwandikia askofu barua ukimweleza masomo yanaendaje na roho yako iko vipi. Huwezi kuwekewa mikono kabla ya kutimiza miaka 24, na tangu ukubali pendekezo hilo lazima ipite angalau miezi 18.

Mbona mlolongo wote huu? Kwa sababu mtu hajipi wito mwenyewe. Wewe unasema umeitwa, nao watu wanaokuona kila siku wanasema kama kweli wameona hivyo.

Siku yenyewe ikifika, mtahiniwa huja amevaa kanzu nyeupe isiyo na stola. Mbele ya watu wote anatia saini tamko la imani na utii. Kisha askofu anawageukia waumini na kuwauliza kama wanataka huyu awekwe wakfu, na kama watamsaidia katika kazi yake. Wakikubali, ibada inaendelea. Sehemu ya mawaidha ya askofu ndiyo nzito zaidi. Humwagiza awahudumie watu wote, hasa maskini, wanyonge, wagonjwa na wapweke, na alieleze kanisa shida za dunia. Baadaye anapiga magoti, na askofu peke yake anamwekea mikono. Kwa kasisi, makasisi wengine pia huweka mikono, lakini kwa shemasi ni askofu tu, maana shemasi ni mtumishi aliye karibu sana na askofu. Mwisho anavishwa stola na kukabidhiwa Biblia.

Haya, mshahara je? Hapa ndipo wengi hushtuka. Kuna mashemasi wa aina mbili. Wapo wanaoelekea ukasisi, ambao hukaa katika ushemasi kwa miezi sita au zaidi. Wapo pia wanaobaki mashemasi maisha yao yote. Wengi wa kundi hili la pili hawalipwi na kanisa. Wanakula kwa jasho la kazi nyingine, iwe ni uuguzi, ualimu au kazi ya ofisini, kisha wanatembelea wafungwa, wagonjwa na wasio na makao. Hawaongozi Ushirika Mtakatifu wala hawatangazi ondoleo la dhambi. Sasa jiulize: ungekubali kazi ya namna hiyo, isiyo na kiti cha mbele wala bahasha?

Yupo aliyeikubali. David Pendleton Oakerhater alikuwa shujaa wa vita wa jamii ya Cheyenne. Mwaka 1875 wanajeshi wa Marekani walimpeleka kifungoni Florida, mbali kabisa na kwao. Alipoachiliwa alisoma dini katika jimbo la New York, na mwaka 1881 akawekwa wakfu kuwa shemasi. Akarudi kwa watu wake, katika eneo ambalo leo ni Oklahoma. Kwa miaka mingi alikuwa mhudumu pekee wa kanisa lake huko, akifundisha, akizika na kufariji. Alifariki mwaka 1931 akiwa bado shemasi. Leo yumo katika kalenda ya watakatifu wa kanisa hilo.

Lakini tusidanganyane. Mlango huo huo umewahi kutumiwa kama kufuli.

Mtazame Absalom Jones. Alizaliwa mtumwa huko Delaware mwaka 1746, akapata uhuru mwaka 1784. Homa ya manjano ilipoua maelfu mjini Philadelphia mwaka 1793, yeye na mwenzake Richard Allen waliwapanga watu weusi kuuguza wagonjwa na kuzika wafu, wakati ambapo wengi wenye uwezo walikuwa wametoroka mji. Hiyo ni kazi ya shemasi, naye hakuwa na stola wala cheo. Mwaka 1795 akawekwa wakfu kuwa shemasi. Kanisa lilimwondolea sharti la kujua Kigiriki na Kilatini, lakini kwa masharti: parishi yake ya watu weusi isiwe na sauti katika mkutano wa dayosisi. Yaani karibu ndani, ila usiongee. Baadaye akawa kasisi wa kwanza mweusi wa Kanisa la Kiepiskopali.

Wanawake nao walionja hayo. Mwaka 1970 waliruhusiwa kuwa mashemasi sawa na wanaume, lakini ukasisi wakanyimwa. Julai 29, 1974, mashemasi 11 wa kike waliwekewa mikono kuwa makasisi mjini Philadelphia bila idhini ya kanisa, na kukazuka mzozo mkubwa. Miaka miwili baadaye kanisa likabadilisha sheria. Pauli Murray, mwanasheria mweusi aliyekuwa amepigania haki za raia kwa miongo kadhaa, akawa shemasi mwaka 1976 na kasisi Januari 1977, akiwa na umri wa miaka 66.

Usifikiri haya ni ya Marekani pekee. Mwaka 1885, Askofu James Hannington aliwaweka wakfu William Jones na Ishmael Semler kuwa mashemasi huko Frere Town, Mombasa, makao ya watumwa waliokombolewa. Jones mwenyewe alikuwa amewahi kuuzwa utumwani. Mwaka huo huo Hannington aliuawa akielekea Uganda, na ni Jones aliyeuongoza msafara uliobaki kurudi pwani. Nao wanawake wa hapa wametoka mbali: Lucia Okuthe aliwekwa wakfu kuwa kasisi na Askofu Henry Okullu wa Maseno Kusini mwaka 1983, na mwaka 2021 ndipo ACK ikapata maaskofu wa kike, Emily Onyango na Rose Okeno.

Kwa hivyo, kijana mwenzangu, ukihisi sauti inakuita, fanya mambo matatu. Zungumza na watu wanaokujua vizuri, wala usiwachague wanaokusifu tu. Anza kazi sasa: kuna mgonjwa mtaani kwenu ambaye hajatembelewa na mtu wiki nzima. Na ukiona kanisa limemfungulia mtu mlango nusu, kwa sababu ya jinsia, kabila au umaskini wake, uliza kwa nini.

Stola itakuja au haitakuja. Oakerhater hakupanda ngazi hata moja zaidi kwa miaka 50, na watu wake hawakukosa mtumishi. Mtaani kwenu, nani atasema hivyo kukuhusu?