Droo mbili zilizoing'oa Mali AFCON

MALI haikufungwa hata mechi moja kwenye Fainali za Mataifa ya Afrika (AFCON) mwaka 2015, lakini ilirudi nyumbani mapema. Iliyoing'oa ni droo. Tena siyo moja, mbili.

Ilikuwa Kundi D pamoja na Ivory Coast, Cameroon na Guinea. Ikaanza na 1-1 dhidi ya Cameroon, ikafuata 1-1 na Ivory Coast, kisha Januari 28 kule Mongomo, Guinea ya Ikweta, ikatoka 1-1 na Guinea.

Balaa ni kwamba Guinea nayo ilikuwa imetoka 1-1 mechi zake zote. Pointi tatu kwa tatu, mabao matatu ya kufunga, matatu ya kufungwa. Hakuna pa kuwatenganisha.

Kesho yake mjini Malabo ikachezeshwa droo. Guinea ikatinga robo fainali, Mali ikafunga mabegi.

Kwa Mwingereza, kilichotokea Mongomo na kilichotokea Malabo vyote vina jina moja: 'draw'. Mechi ikiisha bila mshindi ni 'draw'. Kuchomoa vipira kwenye chungu kujua nani anakutana na nani, nayo ni 'draw'.

Haliishii hapo. Asili ya neno hilo ni kuvuta. Anayefungua au kufunga pazia ana-'draw', kwa sababu analivuta. Anayechora picha naye ana-'draw', anavuta kalamu juu ya karatasi. Timu yenye mastaa ina-'draw' mashabiki, na winga mjanja anayemvuta beki mpaka amchezee rafu, ame-'draw' faulo.

Waswahili nao wakalichukua kwa fujo. Mtoto wa meza, ule unaovutwa kuwekea risiti na funguo, ni droo. Ya makundi ya CAF, ile inayowakosesha usingizi mashabiki wa Simba na Yanga, ni droo. Na kijiweni, mechi ikiisha 0-0, utasikia "wametoka droo". Kwenye mkeka ndiyo ile X, na wengi imewachania.

Ndiyo maana magazeti yanashikilia neno sare kwa matokeo ya uwanjani, na droo yanaiachia chungu. Fikiria kichwa cha habari kinachosema 'Droo yaiua Mali'. Ni ipi? Sare unaitafuta kwa jasho dakika 90. Droo ya chungu haijui nani alikaba wala nani alikosa.

Na Mali ilikosa kweli. Siku ile Mongomo, ikiwa nyuma 1-0, nahodha Seydou Keita alipewa penalti. Akaidokoa taratibu, kipa Naby Yattara akaipangua. Modibo Maiga alisawazisha baadaye, lakini bao la pili halikupatikana.

Lingepatikana, kusingekuwa na haja ya chungu.