Nusu, Robo na Thumuni: Kusoma Namba za Kamera Siku ya Mahafali

Anayeanza kujifunza upigaji picha huambiwa mapema kwamba tundu kubwa lina namba ndogo, naye huikariri kauli hiyo kama kitendawili kisicho na jibu. Siku ya mahafali, jua likiwa utosini na mhitimu amesimama ndani ya joho, kitendawili hicho humponza. Hufungua palipostahili kufungwa, na picha ya siku isiyorudi hutoka na uso uliofifia au uliopauka kwa mwanga. Aghalabu kosa hilo si la mkono bali la usomaji. Makala haya yanafafanua namba tatu za kamera kwa msamiati ambao Kiswahili kinao tayari.

Tundu la lenzi

Tundu ni uwazi unaopitisha mwanga, na kipimo chake huandikwa f/2, f/4 au f/8. Herufi f husimama badala ya urefu wa fokasi wa lenzi, na mkwaju unaoifuata ni alama ya kugawanya. Basi f/2 ni nusu ya urefu huo, f/4 ni robo, na f/8 ni thumuni. Kwa lenzi ya milimita 50, nusu ni tundu lenye kipenyo cha milimita 25, robo ni milimita 12.5, na thumuni ni milimita 6.25. Asomaye “nane” huona namba kubwa. Asomaye “thumuni” huona tundu dogo, kwa kuwa hakuna asiyejua kwamba thumuni ya mkate ni ndogo kuliko nusu yake.

Tundu huamua pia kipi kionekane bayana. Kwa mhitimu mmoja, f/2.8 au f/4 hudhihirisha uso na kuyafifisha mandhari ya nyuma. Kwa familia iliyojipanga safu mbili, f/8 ni salama zaidi, ili walio nyuma nao waonekane vizuri.

Kasi ya shata

Shata ni pazia la kamera linalofunguka na kufunga. Kasi ya 1/200 ni sehemu moja ya mia mbili ya sekunde. Kamera nyingi huonyesha 200 peke yake, na mwanafunzi akasahau kwamba hii nayo ni sehemu: 1/500 ni muda mfupi kuliko 1/200, na huingiza mwanga mchache zaidi. Kwa mtu aliyetulia, 1/200 hutosha. Kwa wahitimu wanaorusha kofia juu, tumia 1/1000.

ISO

Namba hii si sehemu. Ikiongezwa maradufu, picha nayo hung’aa maradufu. Nje, mchana, anza na 100 au 200, kwani ISO ikipanda mno picha huingia chengachenga.

Mfano wa Dar es Salaam

Mwezi wa Novemba, jua la adhuhuri mjini Dar es Salaam hukaribia kuwa juu kabisa ya kichwa. Ukingo wa kofia hutia kivuli machoni, na hakuna namba ya kamera inayoweza kukiondoa. Msogeze mhitimu kwenye kivuli kizima cha jengo au cha mwembe, pasipo na madoa ya jua, au ngojea hadi baada ya saa kumi na nusu alasiri. Kivulini, anza na ISO 200, f/4 na 1/200, kisha utazame picha na kurekebisha. Ukifungua tundu hadi f/2.8, mwanga huongezeka maradufu. Basi punguza muda wa shata uwe 1/400.

Jihadhari na joho. Kamera hupima mwanga kana kwamba kila kilicho mbele yake kina wastani wa rangi ya kijivu. Joho jeusi likijaza picha, kamera hudhani kuna giza, ikaongeza mwanga, na uso ukapauka. Anga jeupe nyuma ya mhitimu huleta kinyume chake: uso huwa giza. Pima mwanga usoni, au tumia kirekebisha mwanga cha kamera, ambacho kwa kawaida huhesabu kwa theluthi. Kwa joho jeusi, punguza theluthi mbili; kwa anga jeupe, ongeza kiasi kama hicho au zaidi.

Angalizo kwa walimu na wafasiri

Epuka kusema “f kubwa”, kwa sababu msikilizaji hatajua kama unakusudia tundu au namba. Sema “tundu pana” na “tundu finyu” unapozungumzia uwazi, na “namba kubwa” na “namba ndogo” unapozungumzia maandishi. Vivyo hivyo, “ongeza shata” ina utata. Sema “ongeza kasi” au “ongeza muda”, maana maelekezo hayo mawili yanapingana.