Kano za bega

Kano za bega ni mikanda imara ya tishu inayounganisha mifupa ya bega na kuizuia isiachane mkono unapozunguka. Kano hufunga mfupa na mfupa mwingine, tofauti na tendoni, ambayo hufunga msuli na mfupa.

Kwa nini bega linahitaji kano

Kichwa cha humerasi (mfupa wa mkono wa juu) ni cha mviringo kama mpira, lakini kishimo cha glenoidi kilichoko kwenye skapula (mfupa wa bega) hakina kina kirefu. Kwa wakati wowote ni takribani theluthi moja tu ya kichwa hicho, au chini yake, inayogusana na kishimo. Nyonga haiko hivyo: kikombe chake kinameza sehemu kubwa ya kichwa cha mfupa wa paja. Ndiyo sababu bega huzunguka kwa upana kuliko kiungo kingine chochote, na pia huteguka kwa urahisi zaidi.

Ukingo wa gegedu uitwao labramu hukiongezea kishimo kina. Kiungo chote kimezungukwa na mfuko uliolegea, ambao kano huuimarisha.

Kano zenyewe

* Kano za glenohumerali ni tatu, nazo ziko upande wa mbele wa mfuko. Ya juu huzuia kichwa kisishuke mkono unaponing'inia. Ya kati hutofautiana sana, na baadhi ya watu hawana kabisa. Ya chini hukibeba kichwa kama machela. Ndiyo kinga kuu mkono unapoinuliwa pembeni na kugeuzwa nje, kama wa mtu anayetaka kurusha jiwe.
* Kano ya korakohumerali hutoka kwenye korakoidi, kichomozo cha skapula, hadi sehemu ya juu ya humerasi.
* Kano ya korakoakromiali huunganisha sehemu mbili za skapula ileile, ikifanya paa juu ya kiungo.
* Kano za korakoklavikula, yaani konoidi na trapezoidi, huufunga mtulinga kwenye korakoidi.

Ushirikiano na misuli

Mkono ukiwa katikati ya mwendo wake, kano nyingi huwa zimelegea. Hukaza mwendo unapofikia mwisho. Katikati hapo, misuli minne inayozunguka kiungo ndiyo hukikandamiza kichwa kwenye kishimo. Kwa hiyo mazoezi ya misuli husaidia hata pale kano zilipojeruhiwa.

Majeraha

Zaidi ya asilimia 90 ya mategu ya bega hutokea kuelekea mbele. Mara nyingi labramu hubanduka pamoja na kano ya glenohumerali ya chini. Jeraha hilo huitwa la Bankart, kwa jina la daktari mpasuaji Mwingereza aliyelieleza mwaka 1923. Lisipopona vizuri, bega huweza kuteguka tena na tena, hasa kwa vijana.

Bega lililoteguka lisivutwe na mtu asiye na mafunzo, kwa kuwa neva ya kwapa hupita karibu na kiungo na mfupa unaweza kuwa umevunjika pia. Mkono ufungwe kwa kitambaa kutoka shingoni, ukae kama ulivyo, na mgonjwa apelekwe hospitalini mapema.