Uvimbe wa Mbuzi: Usikimbilie Kisu

Mkulima mmoja wa skimu yetu alikuwa na mbuzi majike watano wa maziwa. Siku moja aliona mmoja amevimba shingoni, pande zote mbili. Jirani akamwambia, "Hilo ni jipu, mzee. Lipasue." Akapasua. Usaha haukutoka, ilitoka damu tu, na baada ya majuma machache mbuzi akafa. Mwenyewe aliogopa kwamba wale wanne wameambukizwa, akataka kuwauza wote kwa hasara. Kwa bahati njema daktari wa mifugo alifika kabla mzoga haujazikwa, akakata kipande cha tezi na kukipeleka maabara. Jibu lilikuwa: saratani ya tezi, yaani limfoma. Wale wanne hawakuuzwa, na mpaka leo wanakamwa.

Basi, msomaji, uvimbe una aina nyingi, na kila aina ina shauri lake. Hizi ndizo zinazochanganywa mara kwa mara:

1. Jipu la tezi. Hili ndilo la kawaida zaidi. Huletwa na bakteria waingiao katika kidonda kidogo. Hutokea chini ya taya, chini ya sikio, mbele ya bega au juu ya kiwele. Ndani mna usaha mzito kama jibini. Ukimwagika zizini, bakteria hukaa udongoni miezi mingi na kuambukiza mbuzi wengine. Hata mtu aweza kuambukizwa, ingawa ni mara chache.

2. Maji chini ya taya. Uvimbe huu ni laini, na ukiubonyeza alama ya kidole hubaki. Ufizi wa mbuzi huwa mweupe. Mara nyingi sababu yake ni minyoo inyonyayo damu.

3. Limfoma. Chembe nyeupe za damu, ambazo ni askari wa mwili, huanza kuongezeka bila mpango. Tezi huwa ngumu, mara nyingi kadhaa pamoja, au uvimbe hukua kifuani na mbuzi huhema kwa shida. Hukonda ingawa analishwa vizuri. Ugonjwa huu hauenei zizini kwa usaha kama jipu.

4. Thaimoma. Huota katika tezi iliyo kifuani karibu na moyo, hasa kwa mbuzi wazee. Wengi hawaonyeshi ugonjwa wowote, na uvimbe huonekana siku ya kuchinjwa. Lakini limfoma nayo yaweza kuanza mahali hapo hapo, kwa hiyo jicho peke yake halitoshi.

Maabara hutofautishaje? Kipande hukatwa chembamba sana, hutiwa rangi na kutazamwa kwa hadubini. Wataalamu huuliza mambo matatu: uvimbe ulianza wapi, chembe zake ni ndogo au kubwa, na ni za ukoo gani. Koo za chembe hizo ni mbili, T na B, na kila moja hutambuliwa kwa rangi yake maalum. Katika limfoma za mbuzi zilizochunguzwa, ukoo wa T umeonekana mara nyingi.

Ukiona uvimbe, fanya hivi:

Mtenge mbuzi huyo na wenzake. Usipasue.

Andika siku ulipouona, mahali ulipo, na kama ni laini au mgumu.

Mwite daktari wa mifugo. Yeye aweza kuvuta majimaji kwa sindano, au kupeleka kipande katika maabara ya Kabete, Nakuru, Eldoret au Karatina.

Mbuzi akifa, usimchune wala kumla. Mwite daktari upesi, kwa maana mzoga uliooza hausomeki.

Mbuzi akichinjwa, mkaguzi wa nyama aitazame kwanza.

Limfoma haina tiba ya kufaa zizini, na jibu la maabara halitamponya mbuzi huyo. Lakini litakuambia kama wengine wamo hatarini au la. Kisu hakiwezi kukuambia hivyo.